Tufe la Baba na Askari wa Kiwanja cha Ndege

Mie nilianza kurusha tufe kwa sababu ya mabega yangu. Kiwandani Temeke, nilikokuwa nafunga majora ya vitenge, kila idara ilitakiwa kutoa watu wa michezo ya wafanyakazi. Msimamizi wetu akanitazama mara moja tu, akaandika jina langu. Siku zile mambo yalikwenda hivyo: ukichaguliwa, umechaguliwa. Nilirusha mara ya kwanza nikiwa na sketi ya kazini, na tufe likapita mistari yote ya chokaa waliyochora uwanjani. Wenzangu wakapiga vigelegele. Nikapenda.

Tufe lenyewe halikuwa letu. Tuliliazima chuo cha ualimu, na kila baada ya mazoezi mtu wa chuo alikuja kulichukua, hata kama nilikuwa ndiyo kwanza nimepasha misuli. Nikalalamika nyumbani. Baba alikuwa anakula, anasikiliza.

Baba alikuwa msubu. Alifanya kazi katika karakana moja kando ya Barabara ya Pugu, akiyeyusha chuma chakavu na kukimimina kwenye kalibu za mchanga ili kupata vipuri vya mashine, maana madukani vipuri havikuwepo. Wiki mbili baada ya malalamiko yangu alirudi na kitu kizito kwenye kapu la baiskeli, kimefungwa gunia. Lilikuwa tufe. Aliomba ruhusa kwa bosi wake, akalisubu saa ya chakula, akalisugua kwa tupa mpaka likawa laini kama yai.

Tukalipeleka duka la ushirika kulipima kwenye mizani ya sukari. Kilo nne ndiyo sheria ya wanawake, nalo halikufika. Baba alisikitika kama vile amevunja kitu cha watu. Akalirudisha karakana, akalitoboa shimo, akamimina risasi iliyoyeyushwa, maana risasi ni nzito kuliko chuma, halafu akaziba kwa kizibo cha shaba. Tulipolipima tena, mizani ikatulia pale pale panapotakiwa. Mtu wa duka akacheka, akauliza tunataka kumpiga nani.

Nililirusha tufe lile miaka miwili. Kizibo chake cha shaba kilikuwa duara dogo la njano, na nilizoea kukiweka chini ya kidole cha kati kabla ya kurusha. Nilipolishika tu, mkono ulijua la kufanya.

Halafu nikateuliwa kwenda Lusaka, kwenye mashindano ya wafanyakazi wa viwanda. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Mama alinisukia nywele mara mbili, ya kwanza haikumridhisha. Barua ya wenyeji ilisema kila timu ije na vifaa vyake, kwa hiyo tufe lilikuwa linasafiri pia.

Asubuhi ya safari baba alinipakiza kwenye baiskeli kutoka Temeke, tukapita Yombo mpaka kiwanja cha ndege, kikapu changu nimekipakata. Alikuwa amevaa shati lake la Idi. Alisema atapanda ghorofani, pale watu waliposimama kupungia ndege, na atakaa mpaka atuone tunaruka.

"Ukifika juu, utaniona?" akaniuliza.

"Sijui, baba. Wanasema madirisha yake madogo."

"Mie nitapunga tu."

Ndani, kiongozi wa msafara wetu, bwana mmoja wa ofisini mwenye suti ya mikono mifupi, alikuwa anahangaika na sanduku la vifaa. Lilikuwa na nyavu za mpira wa wavu na jezi, na lilipopimwa likazidi uzito. Akaanza kutoa vitu. Tufe langu likawa la kwanza kutoka.

"Hili beba mwenyewe, dada. Litie kwenye kikapu chako."

Nikalifunga kwa khanga, nikalitia kikapuni pamoja na maandazi ya mama.

Miezi hiyo redio ilikuwa inasema sana habari za watu wanaoteka ndege huko ng'ambo, na hapa kwetu ukaguzi ulikuwa umekazwa. Kabla ya kutoka kwenda kwenye ndege kulikuwa na meza ndefu, na nyuma yake askari. Wanawake tulikaguliwa na askari wa kike, binti wa rika langu. Akashika mpini wa kikapu kwa mkono mmoja akivute kwake. Kikapu hakikusogea. Akanitazama. Akavuta kwa mikono miwili.

"Umebeba nini?"

"Tufe."

"Tufe la nini?"

"La kurusha. Mie mchezaji."

Akafungua khanga, akaliona. Hakuligusa. Akaita askari mwanamume mwenye tepe mbili begani, ambaye aliinama akalitazama kwa makini kama mtu anayetazama kidonda.

"Hii njano ni nini?"

"Kizibo, afande."

Nilipolitamka neno lile nikaona sura yake inabadilika. Kizibo maana yake kuna kilichozibwa.

"Ndani kuna nini?"

Nilijua. Bila shaka nilijua. Lakini nilisikia neno lenyewe linapanda kooni, na nikatambua litakavyosikika pale mezani, mbele ya watu wale. Nikakaa kimya. Kimya kile kikawa kibaya zaidi.

"Ndugu, nakuuliza. Ndani kuna nini?"

"Alilitengeneza baba yangu," nikasema. "Yuko juu, ghorofani. Yeye anajua."

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile. Nilitaka mtu mzima anisaidie, nadhani. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nikamwita baba yangu kama mtoto aliyeanguka.

Wakanipeleka chumba kidogo pembeni. Tufe lilibebwa na askari mwingine, kalishika mbali na kifua chake, anatembea polepole. Baada ya dakika chache baba akaingia, kofia mkononi. Yule mwenye tepe mbili, pamoja na yote, alimsalimu vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna tatizo?"

"Tunauliza tu. Hiki kitu umekitengeneza wewe?"

"Mie mwenyewe." Nilisikia fahari kidogo katika sauti yake.

"Na ndani kuna nini?"

"Risasi," baba akasema.

Askari aliyekuwa mlangoni akaufunga mlango.

"Unasema?"

"Risasi. Chuma kilipungua uzito, nikatia risasi kidogo."

"Risasi ngapi?"

Baba akafikiri. Aliulizwa swali, na yeye alitaka kulijibu sawasawa. "Sikuhesabu," akasema. "Nilikisia kwa macho. Kama kikombe cha kahawa hivi."

Nikaona lazima niseme. "Afande, siyo risasi za bunduki. Ni risasi ya kawaida."

"Risasi ya kawaida ndiyo ipi?"

"Ya kuyeyusha. Siyo zile za kupigia. Zile nazijua, hizi siyo."

Akanigeukia. "Unazijua vipi risasi za bunduki, dada?"

"Nimepita mafunzo ya mgambo."

Lilikuwa jibu la kweli. Nusu ya wasichana wa kiwandani tulipita mgambo, tulikimbia na bunduki za mbao kutwa nzima, na siku ya mwisho tukalenga shabaha kwa bunduki za kweli. Lakini niliona kalamu yake inaandika, na kila nilichoongeza baada ya hapo kilizidi kutuzamisha. Baba alikuwa ananitazama mimi, anamtazama askari, hajui kosa liko wapi. Alipolielewa, midomo yake ikafunguka, akasema, "La, la, mwanangu, risasi madini! Ile nyeusi, laini, unaikata kwa kisu!" Lakini aliyasema kwa haraka, kwa lafudhi yake ya Newala ambayo haraka huizidisha, na yule askari akainua kiganja.

"Mzee, mie siyo fundi. Mie naona chuma kimezibwa, na mwenyewe anasema ndani mna risasi. Ungekuwa mie ungefanyaje?"

Ukilikata tufe ndipo utajua ndani kuna nini, na pale hapakuwa na msumeno wala mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kulikata.

Kiongozi wa msafara akagonga mlango. Abiria walikuwa wanaitwa. Walizungumza pembeni, yeye na mwenye tepe mbili, kisha akanijia akinong'ona.

"Wewe unaruhusiwa. Jina lako liko kwenye orodha ya msafara, mie nimekudhamini. Tufe linabaki. Mzee naye anabaki kidogo atoe maelezo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui. Twende, ndege haimsubiri mtu."

"Nabaki na baba."

"Ukibaki," akasema, tena hakusema kwa ubaya, "wataandika kwamba umekataa kusafiri baada ya kukutwa na kile kitu. Fikiri itasomekaje."

Nikamtazama baba. Alikuwa amekaa kwenye benchi, magoti pamoja, kofia juu ya magoti.

"Nenda, mama," akaniambia. Akiwa na huruma huniita mama. "Mie sina haraka."

Nikaenda. Nilipita kwenye lami kuelekea ndege nikiwa na kikapu chepesi, na sikugeuka kutazama ghorofani kwa sababu hapakuwa na mtu wangu. Ndege ilipoinuka wenzangu walipiga kelele, wakashindana kuitambua Gongo la Mboto na mashamba ya Pugu. Mie nilikodolea macho paa la kiwanja mpaka likawa dogo kama kiberiti, na chini ya paa lile alikuwemo baba.

Kule nilikaa siku tano. Simu nyumbani hatukuwa nayo, wala mtaani kwetu. Kiongozi alisema atapiga simu kiwandani. Alirudi akaniambia laini hazipiti. Kesho yake tena hazipiti. Siku ya mashindano nikapewa tufe la wenyeji. Lilikuwa zuri, la kiwandani, jeusi lote. Nilirusha mara tatu, na mara zote tatu nikawa wa mwisho. Mwenzangu wa mbio fupi akanipa pole, akadhani nalilia mashindano.

Niliporudi nilikimbia kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani. Baba alikuwa uani anaziba pancha ya baiskeli. Sikuweza hata kumwamkia, nikasimama tu, napumua.

"Umeshinda?" akauliza.

"Hapana. Walikufanyaje?"

"Walinipa chai."

Akarudi kwenye pancha yake. Mama ndiye aliyenieleza. Walimweka kituo cha polisi usiku mbili. Siku ya tatu bosi wake wa karakana alienda mwenyewe, akiwa na kipande cha risasi mfukoni, akakikata kwa kisu mezani kwa mkuu wa kituo. Mkuu akacheka, akaomba radhi, akaamuru baba arudishwe kwa gari. Mama alisema gari lile la polisi liliposimama mbele ya nyumba, majirani wote walitoka kutazama, na baba akashuka na shati lake la Idi limekunjamana. Kwa muda mrefu baadaye, akipita dukani, mazungumzo yalikatika. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja mara mbili kuuliza habari ambazo tayari alikuwa amezisikia.

Tufe halikurudi naye. Jumamosi moja tulikwenda wote wawili kuliulizia. Tulimkuta yule yule mwenye tepe mbili, akamwamkia baba, akatuletea viti. Alikuwa na aibu, nilimwona. Akatuambia tufe lilipelekwa kwa wataalamu likapimwe, na wataalamu bado hawajaleta jibu.

"Lakini si mmeshajua ni risasi ya kawaida?" nikauliza.

"Sisi tumejua, dada. Faili ndiyo haijajua. Njooni mwisho wa mwezi."

Tulikwenda mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi uliofuata. Mara ya tatu yule askari alikuwa amehamishwa, na mpya hakuwa na habari yoyote. Alitafuta kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa, kwa uvumilivu, halafu akatikisa kichwa.

Baba alisema atanisubia jingine. Alisema mara kadhaa, na mie nilimjibu sawa. Hakulisubu, nami sikumkumbusha. Nilirusha msimu mmoja zaidi kwa tufe la chuo, nikaolewa, idara ikamwandika msichana mwingine.

Miaka mingi ikapita. Baba alikuwa amestaafu na kurudi Newala nilipothubutu kumwuliza lile nililokaa nalo muda wote. Tulikuwa barazani, tunabangua korosho.

"Baba, siku ile kwa nini hukusema tu ndani mna chuma?"

Aliendelea kubangua. Mama ndiye aliyeitikia kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi, "Si ndiyo! Angesema chuma tu, yote yale yasingetokea!"

Baba akaweka korosho chini, akageukia upande wa jikoni.

"Lakini haikuwa chuma tu," akasema.