Karatasi ya Luvenia

Asubuhi hiyo Luvenia alikaanga mayai kwa vitunguu pori alivyochuma mwezi Machi na kuvigandisha. Elzie, mumewe, alishindwa kula.

"Usiende, Mama. Wakikufuta kliniki, dawa ya sukari utaipata wapi?"

"Kula, Baba. Ukizimia kwa njaa, nani ataendesha gari?"

Elzie alikuwa mtu wa kuja, kutoka Texas. Luvenia alizaliwa hapa hapa Oklahoma, mjukuu wa mtumwa wa Wahindi Wekundu. Watumwa walipoachiwa, Taifa la Wahindi hao liliwaandika kuwa raia, ila katika daftari la peke yao, mbali na daftari la wenye damu ya Kihindi. Kwa daftari hilo Luvenia alipiga kura mara tatu, akatibiwa kliniki ya Taifa. Mwaka huo wakubwa wakatoa neno: bila cheti cha damu hiyo, hakuna kura.

Luvenia akashuka mbele ya ukumbi wa kupigia kura. Elzie alibaki garini, injini ikinguruma. Wanaume watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja akaja, akagonga boneti kwa pete yake.

"Mzee, umepotea? Mnada wa ng'ombe uko mtaa wa pili."

Wenzake wakaangua kicheko. Elzie naye akacheka. Kicheko hicho kinamchoma mpaka leo.

Alingoja. Luvenia hatoki. Akazima injini, akapita katikati ya wale watu akiangalia viatu vyake.

Ndani, karani, raia wa daftari la damu ingawa alikuwa msichana mweupe wa macho ya buluu, alikuwa akimrudishia Luvenia karatasi yenye jina la babu yake kutoka daftari la watumwa.

"Samahani, bibi. Hili si daftari la damu."

"Nimekusikia. Basi niandikie kwamba nimekuja, ukanikataa. Utie sahihi."

"Hatuna fomu ya namna hiyo."

"Kalamu unayo."

Foleni ikaanza kunung'unika. Sauti nyuma ikasema, "Mtoeni huyo!" Elzie akamshika mkewe mkono. Waliomwona walidhani anamtegemeza. Alikuwa anamvuta.

Hakuvutika.

Septemba kliniki ilimfuta. Sukari ikamla mguu, na mwaka wa tatu ikammaliza. Karatasi aliyoandikiwa siku ile imo kwenye sanduku la bati: mstari mmoja na sahihi. Elzie hajui kusoma. Huifungua hata hivyo, akaipapasa, akaikunja. Na hakuwahi kumwambia mkewe ule mkono ulikuwa wa nini. Huenda Luvenia alijua.

Siku ile karani alisita sana kabla ya kuandika. Kifuani alikuwa na kibandiko cha jina: Landrum. Ndilo jina la ukoo wa Luvenia pia. Luvenia alikitazama, Elzie bado akimvuta mkono, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Jina tunalo moja, binti. Wazee wako walimpa babu yangu walipomnunua. Kulitoa hawakuona tabu. Basi na wewe kuliandika usione tabu."