Shamba Lisilopigwa Plau

Kwa miaka ishirini na minane alilima mashamba ya watu kwa plau na maksai wawili, hata jina la kuzaliwa likasahaulika. Wote walimwita Baba Plau. Mistari yake ilinyooka kama uzi wa fundi cherehani. Mungu alimjalia mkono huo, naye aliutunza.

Sasa mwaka ule mkewe akamwambia, "Baba watoto, la kwetu usiliguse. Mabua yalale hapo hapo, tutapanda katikati yake."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Bwana shamba."

Hapo shaka ikaota. Bwana shamba huyo viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu wa udongo. Mara tatu alikuja, mara tatu mwenye nyumba hayupo. Pengine ana dawa za kuuza. Pengine anataka maksai waondoke. Pengine... lakini hilo la tatu Baba Plau alilimeza, maana mkewe ni mcha Mungu na ana wajukuu wanne.

Siku hiyo hiyo mwenye mashine ya kusaga alimdaka mbele za watu. "Shemeji, kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini shamba lako limeota ndevu mpaka kifuani! Nani tena atakuita ukalime kwake?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye alicheka kwa meno tu.

Aliporudi nyumbani alikuta nondo nyembamba ya chuma imeegemezwa ukutani.

"Ya nini hii?"

"Kaiacha bwana shamba. Anasema ukiichomeka ardhini, itakueleza yenyewe."

"Nondo inasema?"

"Si ukaiulize!"

Akaipapasa ncha yake, asije akawa kafanyiwa ujanja. Wala hakutaka kuonyeshwa pa kuchomeka. Huenda mahali palishaandaliwa. Akaenda mwenyewe katikati ya shamba, udongo ungali umelowa mvua ya jana. Nondo ikazama shubiri moja, ikagota. Jiwe, akajisemea. Akasogea hatua kumi. Shubiri moja, ikagota. Akasogea tena. Mawe gani haya yaliyojipanga sawasawa na kina cha plau yake?

Akachukua jembe, akachimba. Chini ya udongo laini alikuta tabaka gumu, limesuguliwa kama sakafu, na mizizi ya mahindi ya mwaka jana imefika pale ikapinda pembeni, haikupata njia.

Kisha akaenda ukingoni, kwenye ua, ambako plau haikuwahi kufika. Nondo ikazama hadi kiganja kikagusa majani.

Alikaa kwenye tuta. Alimtafuta wa kumshuku, akajikuta yuko peke yake na mikono yake.

Jioni alikaa uani na spana, akaanza kulifungua lile bamba la plau linalopindua udongo, abakize chuma chembamba cha kupasua mstari tu. Mkewe akamletea chai.

"Wewe ulijua?"

"Tangu mwaka juzi, maji yalipokuwa yakituama juu na mahindi yananyauka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba watoto. Ukasema kuna mtu ananituma."

Akazungusha spana. Mwenye mashine ya kusaga, pamoja na kejeli zake, alishaweka ahadi ya kulimiwa keshokutwa. Huyo ataambiwa nini? Kwamba plau yenyewe ndiyo iliyomharibia shamba?

"Nusu ya shamba tu tuiache bila kupinduliwa," akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Nusu. Na mahindi ya pande zote mbili nitayahesabu mwenyewe."

"Sawa," mkewe akasema, akamshikia bamba ili nati ifunguke.