Juu ni Upande Gani

Kwetu, upande wa Muthetheni, hatungojei mvua ndipo tupande. Tunapanda kwenye vumbi. Oktoba ikianza kuisha, upepo ukageuka na migunga ikachipua majani hata kabla ya tone moja kuanguka, tunatia mahindi na mbaazi kwenye udongo mkavu kama majivu, tunafukia, halafu tunakaa roho juu. Mvua ya hapa haikai sana. Ukingoja inyeshe ndipo utafute jembe, utavuna mabua.

Mwaka huo nilikuwa nimepanda mbegu yote, sikubakisha hata ya kurushia kuku. Chakula cha watoto wangu cha mwaka mzima kilikuwa pale chini ya vumbi. Kwa hivyo alasiri moja nilipoinua kichwa nikaona vilima vya upande wa Kangundo vimemezwa na weusi, sikushangilia kama wengine. Niligeuka nikaangalia juu, kwa wifi yangu.

Wifi ni dada ya mume wangu. Aliachana na bwanake akarudi nyumbani, na baba yao akamkatia kipande cha juu, mteremko mtupu, kinapakana na shamba langu. Tangu arudi tulikuwa watu wa salamu tu. Yeye ni mtu wa kununa, na mimi mdomo wangu haujui kufungwa, basi kila mtu akakaa kwake.

Shida ni kwamba maji yote ya mteremko ule yanashukia kwangu. Kinachoyazuia ni mtaro wa mpakani, ule tunaouita fanya juu. Unachimba mtaro, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu, ukawa tuta. Tuta linazuia maji na udongo wa shamba la juu, na yakipita kidogo yanaangukia mtaroni. Kazi hiyo hufanywa kiangazi, kwa mwethya. Mwenye shamba anaita majirani, wanakuja na majembe, wanachimba pamoja, na kwake kunapikwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kuwatosha wote. Wifi hakuita mwethya. Kiangazi chote nilisikia jembe lake tu, peke yake, likigonga mawe. Nikajiambia, sawa, mradi anachimba.

Sasa upepo ulikuwa umeanza kunuka mvua. Nilichukua jembe nikapanda kwenda kuona mtaro wenyewe.

Haki ya Mungu, nilitaka kulia. Mtaro ulikuwepo, mrefu, umenyooka vizuri kabisa. Lakini udongo wote alikuwa ameutupa chini. Lundo refu, refu kushinda magoti yangu, bichi, limekaa ukingoni juu ya shamba langu. Mtaro ukijaa tu, lundo lote lingeteremka juu ya mbegu yangu.

"Wifi! Wifi, toka uone!"

Alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso. Jikoni kwake ni kijumba cha udongo, hapo mwisho wa mtaro.

"Ni nini?"

"Ni nini? Umetupa udongo chini! Si useme tu unataka kunizika na watoto wangu!"

"Ati kukuzika? Nimechimba mpaka mikono imechunika, halafu unakuja kunitukania hapa kwangu?"

"Hata mtoto wa chekechea anajua ni fanya juu! Si jina lenyewe linakwambia? Juu!"

Aliangalia lile lundo, akaniangalia mimi, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Si nimefanya juu," akasema. "Nimeliinua juu. Kila siku naliongeza ndio lisikupitishie maji."

Nililiangalia tena lile lundo refu, nikaelewa juu yake ilikuwa ipi.

"Nani alinifundisha?" Sauti yake ilianza kupanda. "Kila mwethya ya hapa nyumbani, tangu niko msichana, mlikuwa mnachimba. Mimi nilikuwa wapi? Msichana wa hapa ni wa kupikia watu. Mnakuja mnakula, mnarudi shambani, mimi naosha sufuria. Hilo jina nilikuwa nalisikia tu. Juu ni upande gani, nani aliniambia?"

"Basi si ungeita mwethya?"

"Nani angekuja kwa mwanamke aliyerudi?"

Nilitaka kumwambia ningekuja. Radi ikapiga karibu sana, na tone la kwanza likaniangukia shingoni, zito na baridi.

"Lete jembe," nikamwambia.

Tulianza kurusha udongo juu kama wendawazimu. Mimi kutoka upande huu, yeye kutoka ule, tukutane katikati. Mvua ilishuka yote kwa mara moja. Udongo uliokuwa mwepesi ukageuka tope, ukashika jembe, kila pigo likawa zito kuliko lililopita. Mteremko ukaanza kutiririka, maji mekundu, yakiingia mtaroni. Nilikuwa naomba na kutukana kwa pumzi moja. Katikati palibaki kipande kama cha urefu wa ng'ombe wawili hatujakifikia, na pale maji yalikuwa yameanza kulamba ukingo wa kwangu.

"Lundo linaondoka!" nikapiga kelele. "Wifi, linaondoka!"

Alisimama akaangalia. Halafu akaliinua jembe lake, akakimbia. Nikadhani amenikimbia, na nikamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Kumbe amekimbilia mwisho wa mtaro. Akakata ukuta wa mtaro mara tatu, nne, kwa nguvu zake zote, na maji yote yakageuka yakaenda huko. Huko ni kwenye jikoni yake.

Niliona ukuta wa udongo ukilegea, ukainama, ukakaa chini. Sufuria zikatoka zikielea. Yeye hakugeuka hata kuangalia. Alikuwa amesimama na jembe, akiangalia shamba langu.

Kona moja ya kwangu ilifunikwa. Kwingine kote mahindi yalitoka baada ya siku chache, mistari ya kijani iliyonyooka, na kila nilipoyapalilia nilikuwa najua yamesimama juu ya jikoni ya mtu.

Mvua iliponyamaza kidogo, nilizunguka nyumba kwa nyumba kuita mwethya ya wifi yangu. Kuna walioguna. Niliwaambia waziwazi kwamba atakayeguna asije kuniomba jembe maisha yake yote, na mdomo wangu wanaujua. Walikuja.

Yeye hakuwa na mahali pa kupikia, kwa hivyo muthokoi niliupika mimi, kwangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubaki jikoni siku ya mwethya. Moshi ulinitoa machozi. Kutoka juu nilisikia sauti ya wifi ikipita sauti za wengine wote, "Juu! Nimesema tupa juu!" na watu wakicheka.

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nitazame. Niliona migongo yao na majembe yakiinuka na kushuka. Udongo wenyewe unaangukia upande gani, kutoka pale jikoni haikuonekana kabisa.