Nilichora Uwanja wa Barafu, Wauza Barafu Wakafutwa

Admin, naomba unifichie jina, maana Korogwe ni ndogo na baba mdogo ana marafiki wengi humu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kwamndolwa. Nafanya kazi Handeni, kwenye ofisi ndogo ya kuchora ramani za majengo. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama amenisomesha kwa kuuza barafu za ubuyu na ukwaju kule Old Korogwe, zile za kwenye vifuko, na mpaka leo yupo na deli lake, lile boksi la kutunzia ubaridi, kwenye kiwanja kilekile cha wazi, yeye na wenzake.

Huyo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, naye alilelewa na mama. Sare zake za shule zilitoka kwenye deli hilohilo. Leo ni mtu mzito, mwenyekiti wa kamati inayojenga uwanja wa mapumziko kwenye kiwanja hicho. Kutakuwa na bembea, bustani na ukumbi wa kuteleza kwenye barafu kwa viatu vya chuma, kama nchi za baridi. Kazi ya kuuchora alinipa mimi, nikafurahi kama mjinga.

Mama alipouliza kinajengwa nini, akaambiwa ni uwanja wa barafu. Akaelewa alivyoelewa. Akawatangazia wenzake kwamba mwanawe anawachorea jengo la kuuzia barafu, jua sasa basi. Wale kina mama walipika pilau, wakaniombea dua, mmoja akanifunga kanga mpya mabegani. Nilipomweleza mama kwamba ni barafu ya kuchezea, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Sasa barafu wataikanyaga, kiu wataikata na nini?"

Nikaona ana hoja. Nikachora vibanda vyenye kivuli kando ya ukumbi, na bomba la maji, kwa ajili yao. Kwenye michoro huwa tunaweka watu wadogo wadogo ili ukubwa wa jengo uonekane. Mbele ya kibanda cha kwanza nikamweka mama, amekaa kwenye kigoda, deli pembeni, kajifunga kanga yake ya njano. Nilimwonyesha, akafurahi sana.

Baadaye baba mdogo akanipigia simu. "Mwanangu, kazi nzuri. Ila vile vibanda tumevitoa. Watu wanakuja kustarehe, hawaji kufyonza vifuko."

Nikamwambia, "Lakini baba, wale wako pale miaka yote. Na mama yumo."

"Shemeji nitamtafutia kazi ya usafi humohumo. Usiniangushe."

Kinachonichoma zaidi, hiyo barafu yenyewe haipo. Kugandisha maji kwa joto la Korogwe wameona ni gharama, kwa hiyo watatandika plastiki inayoteleza. Yaani wenye barafu ya kweli wanafukuzwa wapishe barafu ya plastiki.

Juzi wakasimamisha bango kubwa pale kiwanjani, jina langu chini yake. Palipokuwa na vibanda wamechora vyoo. Vibanda wamevifuta, ila yule mtu mdogo wamemsahau. Mama yangu yuko pale kwenye kigoda, na kanga yake ya njano, mlangoni mwa choo.

Wenzake ndio walimwita akaone, na mimi nilikuwepo. Akatazama weee, kisha akaniuliza taratibu, "Huyu si mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndipo ulipoona pananifaa?"

Nimemwapia kwamba aliyevitoa vibanda ni baba mdogo. Hataki kusikia, anasema mtoto aliyemlea kwa mikono yake hawezi kumfanyia hivyo. Sasa anaitikia shikamoo yangu tu, basi. Nina uchungu jamani. Baba mdogo amenivunjia kazi, halafu yeye ndiye anayeaminiwa.

Ijumaa kuna mkutano wa wananchi palepale, na mimi ndiye nitakayeeleza mchoro. Baba mdogo ameshanionya: nikitaja vibanda, nisimwite baba tena, na ofisi yetu isahau kazi zake. Bosi wangu naye ananitazama mimi. Mama amesema atakuja, na atakaa mbele kabisa.

Ndugu zangu, nitashika fimbo niwaonyeshe watu lango, bustani, ukumbi. Ikifika kwenye ile kanga ya njano, niseme nini?