Karibu, Maji Yako Tayari

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya. Naanza hivyo kwa sababu watu wakisikia habari ya boti na gesi hunikatiza kabla sijafika katikati, na mimi nikikatizwa napotea. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nitaeleza kama yalivyokuwa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa naishi kwenye boti hapa Toronto, kwenye gati moja chini ya magenge ya Scarborough. Usicheke. Mume wangu alikuwa ameshaondoka, binti yangu yuko Brampton na watoto wake, nami nilikuwa nimechoka kuishi vyumba vya chini na kusikiliza miguu ya watu juu ya kichwa changu. Boti ilikuwa kuukuu, lakini juu yangu hapakuwa na mtu.

Wakati wa baridi, boti ni kazi tupu. Unaifunika yote kwa plastiki nyeupe, unaweka mlango wa zipu, unaacha matundu ya hewa huko juu. Godoro linalowa kwa chini hata kama hujamwaga kitu. Choo kina tangi, na likijaa unamngoja mtu wa pampu. Asipokuja, unajua mwenyewe. Maji ya kutumia nayo ni ya tangi dogo, kwa hiyo unaoga kwa kujipangusa. Halafu chini ya boti unatundika pampu nyingine ya kuyazungusha maji ya ziwa, barafu isije ikaibana boti ikapasuka. Maji yote ya gatini yanaganda, ila kuizunguka boti yako panabaki mfereji mwembamba wa maji meusi. Baridi ikizidi, maji yale hufuka mvuke kama ndoo ya maji ya kuoga. Huo mvuke usiusahau.

Jirani yangu wa boti ya tatu alikuwa Mzee Karim, Mwismailia aliyezaliwa Dar es Salaam. Mjane, sikio moja halisikii vizuri, na Kiswahili chake ni cha Kariakoo ya zamani. Kwa kuwa nimetoka Kigoma, aliniita Nahodha.

"Nahodha! Leo choo kimekubali?"

"Mzee Karim, mwamkie mtu kwanza."

"Nakuamkia nini, na uso umeukunja kama mtu wa ushuru?"

Ndiye mtu pekee aliyenichekesha majira yale. Na hata kwake, nilicheka kwa mdomo tu. Sijui nilikuwa na nini. Nilikwenda kazini kuogesha wazee wa watu, nikarudi, nikala, nikalala. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na chochote.

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi. Nilirudi saa kumi na moja jioni, na unajua Januari saa hizo giza limeshaingia. Niliwasha hita ya gesi, nikajilaza na koti langu na mabuti yangu, nikisema nitainuka nipike. Kichwa kilikuwa kinagonga. Nilidhani ni uchovu.

Ndipo nikasikia mtu, nje ya plastiki, anasema, "Karibu."

Hebu fikiri. Mtu aliye nje husema nini? Husema hodi. Aliye ndani ndiye husema karibu. Huyu amesimama nje kwenye theluji, mimi niko ndani kwangu, na yeye ndiye ananikaribisha. Nilidhani ni Mzee Karim na mizaha yake, halafu nikakumbuka amekwenda Pickering kwa binti yake.

"Karibu," ikasema tena. Sauti ya mwanamume mtu mzima, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kupokea wageni. "Karibu, maji yako tayari."

Wewe umelelewa kwetu, unajua. Mgeni akifika kutoka safari, kabla ya chakula huambiwa maji yako tayari, akaoge. Miaka mingapi sijaambiwa neno hilo? Niliinuka. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikajibu, "Asante, nimekaribia," nikafungua zipu, nikatoka.

Alikuwa ukingoni mwa gati, amenipa ubavu, mkono ameunyoosha kuelekea maji. Mzee mwembamba, shati jembamba. Shati lilikuwa limelowa likamganda mwilini. Kwenye baridi ile shati lililolowa lilitakiwa kukakamaa kama ubao, lakini lilikuwa linachuruzika. Niliona hilo wazi, na niamini, sikuogopa. Mpaka leo hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Mvuke ulikuwa unapanda toka kwenye mfereji, nikawaza tu kwamba yatakuwa ya moto.

Mtu haingii kuoga na viatu. Nikainama nikavua buti la kushoto.

Halafu nikakumbuka adabu. Nilikuwa sijamwamkia. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Nikangoja marahaba. Ukimwamkia mtu mzima huondoki mpaka aitikie, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi hata kwenye wodi za wazee Wazungu huwa nasimama kidogo kungoja kitu kisichokuja. Nikasema tena, "Shikamoo." Yeye akasema, "Karibu, maji yako tayari." Sauti ileile, kama hakunisikia. Nikaendelea kungoja, mguu mmoja kwenye soksi juu ya theluji. Sijui kwa muda gani.

"Nahodha! Kiatu kimoja umempa nani?"

Ni Mzee Karim, amerudi toka kwa binti yake, anakuja na sufuria kaifunga kwa taulo. Nilipogeuka tena ukingoni, palikuwa na mvuke tu.

Alinishika mkono, akanusa mlangoni kwangu, akatazama juu. Theluji ilikuwa imeziba matundu yote ya hewa. "Mama wee! Ungelala humo usingeamka." Kengele ya kuonya sumu ya gesi ya hita ilikuwa inawaka taa yake ya kijani, na haikulia. Ilikuja na boti. Kumbe ilishakufa kitambo.

Hospitali walisema sumu ile huleta njozi. Inawezekana. Sibishi, wao wamesoma. Tena niwe mkweli kwa yule mzee wa ukingoni: asingeniita ningekufia ndani. Alinitoa. Lakini alikuwa ananipeleka wapi, siwezi kuapa.

Ila kuna moja sikuwaambia madaktari. Mzee Karim, akiwa ameketi pembeni ya kitanda changu, alisema, "Wewe nawe, umenikaribisha vizuri, kumbe kichwani hupo."

"Nimekukaribisha lini?"

"Si niliposhuka garini? Nimesikia karibu, nikajibu nakuja, nakuja."

Nikamwambia sikuwa mimi. Akagonga lile sikio bovu, akacheka.

Mwezi wa tatu, barafu ilipoanza kulegea, walimkuta Mzee Karim majini, kwenye ule mfereji wa boti yangu. Mimi nilikuwa kazini. Wakasema ameteleza, au moyo. Alikuwa mtu mzima, gati linateleza, inawezekana. Lakini viatu vyake vilikuwa ukingoni, vyote viwili, vimepangwa sambamba kama mlangoni kwa mtu. Na yeye hakuwa na marahaba ya kungoja, ile iliyonichelewesha mimi. Alikuwa mkubwa kuliko wote pale gatini. Kuamkiwa alizoea, kuamkia alikwishasahau.

Boti niliiuza. Sasa nipo Dixon Road, ghorofa ya tisa. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havina hisia. Wageni wakipiga hodi nasema "pita tu," na akina mama wa kanisani wananiona nina majivuno. Wacha waone hivyo.

Wewe ukiwa na hita, kapande uangalie matundu, na kengele uijaribu mwenyewe, usiiamini taa. Na siku ukisikia karibu, kabla hujajibu, tazama kwanza ni nani kati yenu aliye nje.