Ndege ya Saa Kumi

Mzee Kassian wa Nanganga alikuwa na haki ya kuringa, na aliitumia yote. Binti yake Prisila, aliyesomeshwa kwa korosho, sasa ni rubani msaidizi wa ndege ziendazo Johannesburg. Ukimwamkia mzee "Shikamoo," unapewa marahaba na Johannesburg juu yake: kilomita elfu mbili na mia tano kutoka Dar es Salaam, saa tatu na nusu, imeisha hiyo! "Nyie basi lenu la Ruangwa mpaka Dar tu linawala siku nzima," anamalizia.

Basi Prisila akamtumia ujumbe kwenye simu: Jumatano anaondoka Dar 10:00, na baada ya dakika arobaini hivi atapita juu ya kwao. Mama yangu! Mzee akatangaza kanisani, akatangaza sokoni, akamtangazia hata mtani wake Swalehe, mwenye ulimi usio na huruma. Njooni kiwanja cha mpira saa kumi, mumwone mwanangu anavyopita.

"Na asipopita?" Swalehe akauliza.

"Asipopita, usiniite tena baba rubani. Niite muongo."

Jumatano asubuhi mzee na mkewe Edina walikuwa shambani wakiokota korosho. Ndege ikanguruma juu kabisa, ndogo kama punje ya mchele. Edina akavua kanga ya kichwani, akaipunga.

"We mama vipi? Hiyo ya watu baki. Ya kwetu saa kumi." Wala hakuinua shingo.

Jioni kiwanja kikajaa. Mzee kavaa koti lake la Pasaka. Watu wakakodoa macho mpaka shingo zikawauma, na angani hakuna kitu ila kunguru.

"Jamani, labda imepata pancha!" Swalehe akasema.

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Mzee Kassian aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Mara simu ikalia. Akaweka sauti kubwa.

"Baba, mliniona?"

"Tunakungoja, mwanangu. Uko wapi?"

"Nipo Johannesburg, baba! Nimeshakula, nimeoga, na usingizi nimepata kidogo. Nilipita asubuhi. Ile kumi ni ya kizungu, yetu ni saa nne!"

Edina akaisogelea simu.

"Mimi nilikuona, mama. Nilikupungia kanga."

Mzee akamtazama mkewe, akawatazama watu. Kifua kikamjaa, akaweka koti sawa.

"Mmesikia? Nyie mmekaa hapa mnamngoja apite, mwenzenu kafika, kala, kalala! Mwanangu hangojwi!"

Swalehe akavua kofia. "Haya, baba rubani, yameisha. Ila saa nenda kajifunze."

Siku hizi ndege ikinguruma juu ya Nanganga, saa yoyote ile, Mzee Kassian anaacha kazi, anavua shati na kulipunga. Ukimwambia huenda siyo ya Prisila, hajali. Kama ni ya watu baki, anasema, basi watamfikishia salamu.