Tumbo la Mama Mbele ya Mukwe Wake

Mu hema ya munganga tulikuwa bantu watano. Mama yangu muzazi, ndiye mugonjwa. Bwana yangu, mukwe wake, ndiye alijua Kifaransa. Mimi katikati yao. Mutoto wangu wa kwanza, mugongoni, amelala. Na munganga mwenyewe, muzungu mwembamba wa ndevu nyekundu. Mama mudogo, ndugu ya mama tumbo moja, alibaki inje ku mulango, basi yeye ninamuhesabu nusu. Majina yao yote ninayo, hata la mbwa wa munganga, lakini siandike hata moja. Watoto wa wengine wangali hai.

Ilikuwa wakati Katanga ilisema iko inchi peke yake. Sisi bantu wa Kasai tuliambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi? Mimi nilizaliwa hapa hapa, baba yangu alikufa akitumikia kampani. Tukakimbilia mu kambi pembeni ya muji, chini ya bunduki za askari wageni wa kofia ya bluu. Nyumba yetu ilikuwa magunia na matawi. Mvua ilinyesha, tukapikia ndani, na moshi ule ukamuingia mama mu kifua.

Kifua chake kila muntu alikisikia. Tumbo, ni mimi nililijua, sababu ni mimi nilifua nguo zake. Lilimuchoma juu ya kitovu, chakula kilimurudi, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami ya barabara. Nikamunongonezea mama mudogo, basi.

Mu mulolongo wa wagonjwa mama mudogo akaanza kumuchokoza: “Dada, unakohoa sawa lori ya kampani ku mulima. Munganga atakimbia.”

“Akimbie, nitapata kiti cha kukaa,” mama akajibu. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

“Lakini umwambie yote. Na ile ya tumbo.”

Mama akamuangalia bwana yangu, aliyesimama mbali kidogo, ametupa mugongo kama inavyofaa. “Mbele ya mukwe? We! Uko na kichwa kweli?”

Kwetu sisi, mwanaume na mama wa bibi yake hawakule pamoja, hawapeane mukono, hawaangaliane mu macho. Akipita huku, wewe pita kule. Ndiyo heshima. Miaka mitatu ya ndoa yangu, hao wawili hawakugusana hata kidole.

Siku zote kulikuwa mwanamuke mumoja wa kwetu, muuguzi, ndiye alitafsiria wagonjwa. Siku hiyo hakufika. Barabara ilifungwa, bunduki zililia toka asubui. Munganga akauliza nani anajua Kifaransa. Bwana yangu akainua mukono.

Alisimama akiangalia nguzo ya hema. Mama akaangalia chini. Munganga akasikiliza kifua, mbele na nyuma, halafu akasema maneno mengi, na kati yao nikasikia “ventre”. Ni tumbo, kwa lugha yao. Neno hilo nililijua. Nililisikia kila siku wakati wa kuzaa mu lopitalo.

Bwana yangu akaiambia nguzo: “Mama, anauliza kama kuko kingine kinauma.”

“Hapana, baba. Ni kifua tu.”

Nilikuwa pale. Mudomo wangu ulishafunguka. Lakini kutaja tumbo na choo cha mama mbele ya bwana yangu, ilikuwa sawa kumuvua mama kikwembe mbele yake. Nikafunga mudomo, nikaanza kumubembeleza mutoto ambaye hakulia.

Munganga akatoa vidonge vyeupe, vitatu kwa siku, akasema tena kitu.

“Anasema ale kwanza,” bwana yangu akatafsiri.

Siku ya kwanza, siku ya pili, kifua kikatulia. Mama akaomba chakula, bukari na sombe. “Lori imepata fundi,” akamwambia mama mudogo. Tukafurahi, wajinga sisi.

Siku ya ine, asubui, akatapika kitu kama machicha ya kahawa. Halafu damu yenyewe. Machela hakuna, motokari hakuna. Bwana yangu akaingia mule mama alilala, bila kuomba njia, akapiga magoti, akasema, “Mama, unisamehe,” akamubeba ku mugongo. Mama alibaki na nguvu ya kugeuza uso tu. Nikakimbia nyuma yao, nikiona kikwembe chake kimelowa ku mugongo wa mukwe wake.

Mu hema bwana yangu alisema yote nilimwambia mu njia, kwa sauti kubwa, tumbo, choo, matapishi, bila kutafuta nguzo. Munganga akavua miwani. Mama alikufa mbele jua halijafika ku utosi.

Tulipokwisha kumuzika, bwana yangu akaniambia. Munganga hakusema “ale kwanza”. Alisema dawa ile ni mbaya kwa muntu wa tumbo bovu, asimeze hata kidonge kimoja.

“Ningemwambia namna gani?” akaniuliza.

Hakuuliza tena mpaka alipokufa yeye mwenyewe. Na mimi sikumwambia kamwe kwamba neno lile la tumbo nililisikia.

Sasa nimezeeka, kalamu inanichosha mukono. Mama mudogo alishakufa. Mutoto wa mugongoni ana mvi, hakumbuke kitu. Lakini mulolongo ule ulikuwa murefu. Kama ulikuwapo, ao mama yako alikusimulia, unisahihishe. Labda ndevu hazikuwa nyekundu. Labda ilikuwa siku ya tano. Na kama munganga yule hakutaja tumbo, kama ni masikio yangu tu, hilo unisahihishe mbele ya yote.